Ngoma ya mashini ya kufulia: kabla ya kutia mkono, chomoa!



Katika ukurasa huu tumezoea kusema juu ya kofia ngumu, miwani, mavumbi na mikanda inayopandisha mawe. Leo tunatoka kazini na kuingia nyumbani. Tutaongea juu ya mashini ya kufulia nguo, na zaidi juu ya ngoma yake, yaani lile pipa linalozunguka na kukamua maji.

Utauliza: mashini ya kufulia inaingia namna gani katika mambo ya afya? Sikiliza.

Siku moja ya Jumapili, fundi mmoja wa atelye alikuwa akimsaidia bibi yake kufua. Jina lake sitalitaja. Mashini yao ilikuwa ya matangi mawili: moja la kufulia, moja la kukamulia. Kidude kinachokata umeme mfuniko unapofunguliwa kilikuwa kimeharibika tangu zamani. Yeye mwenyewe alikiunganisha kwa kipande cha waya, ili mashini izunguke hata kama mfuniko uko wazi. Basi, umeme ukakatika katikati ya kazi. Ngoma ikasimama. Akafungua mfuniko, akatia mkono ili atoe shuka. Umeme ukarudi. Shuka likamfunga mkono na kuuvuta mpaka kwenye kiwiko.

Mfupa haukuvunjika. Damu ilikuwa kidogo. Akasema, « Si kitu », akakandwa kwa maji ya moto, akalala. Asubuhi alipofika kwetu mkono ulikuwa umevimba na kukaza kama mti, vidole baridi, havina hisi. Daktari alimpasua siku ile ile. Mkono ulibaki, tumshukuru Mungu, lakini mpaka leo vidole vyake havifungi vizuri. Fundi asiyeweza kukaza bulo ni fundi wa namna gani?

Mtu huyo, akiwa kazini, hangegusa mashini yo yote bila kukata umeme na kutia kufuli. Nyumbani alisahau. Kwa sababu hii ninaandika.

Ngoma inafanya kazi namna gani?

Ndani ya mashini ya mlango wa mbele mna mapipa mawili. Pipa la nje linashika maji, wala halizunguki. Pipa la ndani lina matundu mengi madogo: hilo ndilo ngoma. Moteri inaizungusha ngoma, na katika mashini nyingi ni kwa njia ya mkanda wa kauchu. Mapipa yote mawili yametundikwa kwa resori juu, na chini yanashikwa na amortisere, kama gari. Tena wametia uzito mkubwa, mara nyingi wa saruji, ili mashini isiruke.

Wakati wa kufua, ngoma inazunguka polepole. Wakati wa kukamua inakimbia. Maji yanasukumwa nje kupitia matundu, na pompi inayatoa.

Inakimbia kiasi gani? Tufanye hesabu. Ngoma yenye upana wa sentimita 50, ikizunguka mara 1.000 kwa dakika, ukingo wake unakwenda karibu kilometa 94 kwa saa. Ni mwendo wa gari katika barabara nzuri. Na kilo moja ya nguo iliyobanwa kwenye ukingo huo inausukuma kwa nguvu ya kilo 280 hivi. Hakuna mkono wa mtu unaoweza kushindana na nguvu hiyo.

Hesabu hii inakuonyesha mambo mawili. Kwanza, kwa nini mashini inatetemeka nguo zikikusanyika upande mmoja. Pili, kwa nini ngoma inayozunguka haiguswi, hata kama inaonekana imekaribia kusimama.

Sheria ya kazini iletwe nyumbani

Kabla ya kutafuta ubaya wa mashini, fanya hivi, kwa utaratibu huu:

1. Zima mashini kwa kitufe chake.
2. Chomoa prizi ukutani. Kitufe peke yake hakitoshi. Mashini nyingi, umeme ukikatika na kurudi, zinaendelea na kazi pale zilipoachia. Hazijui kwamba mkono wako umo ndani.
3. Weka kichwa cha waya mahali unapokiona wewe, mbali na watoto. Hiyo ndiyo kufuli yako. Waambie watu wa nyumbani: « Mtu asichomeke. »
4. Funga robine ya maji.
5. Ngoja ngoma isimame kabisa. Mlango wa mbele huchelewa kufunguka dakika moja au zaidi. Usiulazimishe kwa bisibisi.
6. Kama ulifua kwa maji ya moto, ngoja yapoe. Maji ya digrii 60 au 90 yanaunguza ngozi mara moja.
7. Vua pete, saa na bangili. Kunja mikono ya shati. Vaa viatu vikavu, wala usisimame katika maji.

Na neno hili ulishike: umeme ukikatika katikati ya kufua, kazi yako ya kwanza ni kuchomoa prizi. Ndipo ufungue.

Ubaya wa kwanza: haikamui, na maji yamebaki ndani

Mashini haikubali kukamua ikiwa maji hayajatoka. Kwa hiyo usiilaumu moteri kwanza. Angalia njia ya maji.

Tazama tiyo ya kutolea maji. Labda imejikunja nyuma ya mashini, au imekanyagwa. Kwa mashini nyingi kichwa chake kinapaswa kuwa kati ya sentimita 60 na 100 kutoka chini. Kikiwa juu sana, pompi haina nguvu ya kuyapandisha maji. Kikilala chini, maji yanatoka yenyewe kabla ya kufua.

Halafu angalia kichujio cha pompi. Kwa kawaida kiko chini mbele, nyuma ya kifuniko kidogo. Tandika kitambaa, weka sahani, fungua polepole, maji yatoke kidogo kidogo. Humo utakuta vifungo, vijiwe, misumari, makaratasi ya falanga na nyuzi. Safisha, rudisha, kaza vizuri. Kichujio kisafishwe kila mwezi. Kwa wale wanaofulia salopeti za mgodini, kila juma.

Ubaya wa pili: maji yametoka, lakini haikamui

Hapa mara nyingi mashini si mgonjwa. Mzigo ndio mbaya. Mashini za sasa zinajaribu kwanza polepole. Zikiona nguo zimekaa upande mmoja, zinakataa kukimbia. Blanketi moja peke yake linafanya hivyo. Salopeti moja nzito pamoja na leso mbili zinafanya hivyo pia. Fungua, tawanya nguo, ongeza nyingine za kusaidiana uzito, au punguza zikiwa nyingi mno. Kumbuka kwamba « kilo 7 » iliyoandikwa kwenye mashini ni uzito wa nguo kavu.

Sababu nyingine ni povu. Sabuni ya kufulia kwa mkono inatoa povu nyingi, nayo inazuia ngoma kukimbia. Tumia sabuni ya mashini, na kwa kipimo. Povu ikiwa nyingi, suuza mara moja tena bila sabuni.

Kisha angalia mlango. Usipojifunga sawasawa, ngoma haitakimbia. Pengine ni ncha ya nguo tu imebanwa kwenye kauchu.

Baada ya hayo, prizi ikiwa imechomolewa, zungusha ngoma kwa mkono. Ikizunguka nyepesi mno, kama haina cho chote nyuma yake, labda mkanda umetoka au umekatika. Mkanda wa namna hiyo fundi anaubadilisha kwa muda mfupi. Ikiwa mkanda ni mzima na moteri iko kimya, labda makaa ya moteri yamekwisha, ikiwa moteri yako ni ya namna ya makaa. Hiyo pia ni kazi ya fundi.

Ubaya wa tatu: inatetemeka na kutembea

Mashini ikiwa mpya, uliza jambo hili kwanza: je, bulo za safari zimetolewa? Kiwandani wanakaza bulo tatu au nne nyuma ili ngoma isiumie njiani. Usipozitoa, mashini itaruka kama mbuzi, na mwisho itavunjika. Zitoe, na uzihifadhi kwa siku ya kuhama.

Mashini ikiwa ya zamani, tazama miguu yake. Lazima yote minne igusie chini sawasawa. Tumia nivo, au bakuli lenye maji juu ya mashini. Usitie vipande vya mbao au matofali. Vinatoroka wakati wa kukamua. Zungusha miguu yenyewe, kisha kaza.

Jaribu amortisere: sukuma ngoma chini kwa mkono na uiachie. Irudi na kutulia. Ikiendelea kucheza juu na chini, amortisere zimechoka.

Wala usiikalie mashini inayotetemeka, wala usiikumbatie ili kuizuia. Nimeona watu wanafanya hivyo. Mashini inayotembea inazimwa.

Ubaya wa nne: inapiga kelele

Kelele ina lugha yake.

Ikigonga « ko, ko, ko » kila inapozunguka, pengine ni kifungo cha chuma au mzigo uliokaa vibaya. Ikikwaruza, kuna kitu kati ya mapipa mawili: sarafu, msumari, au waya wa sidiria. Usikamue tena mpaka kitoke, kwa sababu kinaweza kutoboa pipa la nje.

Ikivuma kama ndege, na mvumo unazidi kadiri inavyokimbia, fikiria rulema. Ufanye jaribio hili: prizi nje, shika ukingo wa juu wa ngoma, inua. Ikiwa mapipa yote mawili yanapanda pamoja, si kitu, ni resori. Lakini ikiwa ngoma peke yake inacheza na kugonga, rulema zimekwisha. Mara nyingi kauchu inayozuia maji ilichakaa kwanza, maji yakaingia ndani ya rulema, zikapata kutu. Utaona alama nyekundu za kutu nyuma ya pipa.

Usiseme, « Itaendelea kidogo. » Ngoma iliyolegea na kukimbia mwendo ule inaweza kujipasua na kuharibu kila kitu karibu yake. Acha kukamua, ita fundi.

Mashini ya matangi mawili

Mashini hizi ziko katika nyumba nyingi, kwa sababu bei yake ni ndogo na fundi anaziweza. Lakini tangi la kukamulia linataka adabu.

Panga nguo kuizunguka ngoma sawasawa, zibane chini, kisha weka kile kisahani cha plastiki juu yake. Kisahani hicho si pambo. Kinazuia nguo isiruke na kujisokota.

Ngoma isipozunguka, angalia kama mfuniko umefungwa vizuri, na kama soksi au kitambaa kimeanguka chini ya ngoma. Angalia pia kama tiyo ya maji machafu imelala chini. Ikiinuliwa, maji yanabaki ndani na kuizuia ngoma.

Moteri ikinguruma lakini ngoma haizunguki, chomoa upesi. Moteri inayonguruma bila kuzunguka inaungua. Pengine breki haijaachia, pengine kondansateri imekufa. Na kondansateri ni adui anayejificha: inaweza kushika umeme hata baada ya kuchomoa prizi. Usiiguse. Mwachie mtu anayejua.

Sasa breki. Ukifungua mfuniko, umeme unapaswa kukatika na ngoma kusimama kwa sekunde chache. Ngoma ikiendelea kuzunguka, tangi hilo lisitumike mpaka breki itengenezwe. Kamua kwa mikono, kama mama zetu walivyofanya. Na mtu asifunge kidude cha mfuniko kwa waya, wala kwa kamba, wala kwa kijiti. Mwenzetu niliyemsimulia juu alikuwa na waya ule kwa miezi mingi bila ajali, na siku moja tu ilitosha.

Nguo za kazi

Ndugu, salopeti yako si nguo kama nyingine. Ina mavumbi ya mawe, na mavumbi hayo yakiingia katika mapafu yanaleta ugonjwa usiopona. Usiikung'ute ndani ya nyumba, wala mbele ya watoto. Kama kazini kuna mahali pa kufulia, iache huko. Kama hakuna, ilete ndani ya mfuko uliofungwa, na uifue peke yake, mbali na nepi za mtoto na mashuka.

Kabla ya kufua, toa vitu vyote mfukoni: bulo, visi, misumari, vipande vya mawe. Bulo moja inaharibu ngoma, inaziba pompi, inapasua kioo. Nguo iliyolowa esansi au dawa ya kusafishia grisi isiingie katika mashini hata kidogo. Mvuke wake unaweza kushika moto kwa cheche ndogo ya moteri.

Watoto na umeme

Mtoto anapenda kuingia ndani ya ngoma. Mlango ukijifunga, hewa inakwisha. Funga mlango wa mashini kila wakati, na uangalie ndani kabla ya kuwasha. Asisimame mtoto karibu na tangi la kukamulia lililo wazi.

Ukigusa mashini ukasikia mkono unawasha-washa, usicheke. Ni umeme wa volti 220 unaotafuta njia kupitia mwili wako. Zima kwenye dijonkteri kwanza, halafu chomoa. Mwite fundi aangalie waya wa ardhi, ule wa njano na kijani. Dijonkteri ya miliamperi 30 inakata umeme kabla haujaua. Ni mali bora kuliko televizio.

Ajali ikitokea

Mtu akishikwa na umeme: usimguse. Kata umeme kwanza. Asipopumua, mlaze chali na umsukume katikati ya kifua kwa mikono miwili, kwa nguvu, kifua kishuke sentimita 5 hadi 6, mara 100 hadi 120 kwa dakika, wakati mwingine anatafuta gari. Usiache mpaka msaada ufike. Hata akiamka, apelekwe lopitali.

Mkono ukivutwa na ngoma: chomoa prizi, zungusha ngoma kinyume polepole ili kuulegeza. Usiuvute kwa nguvu. Toa pete mara moja kabla ya kuvimba. Damu ikitoka, bana jeraha kwa kitambaa safi, na usiache kubana.

Kidole kikikatika: kifunge katika kitambaa safi chenye unyevu, kitie katika mfuko wa plastiki uliofungwa, na mfuko huo uuweke juu ya barafu. Kidole chenyewe kisiguse barafu. Nenda nacho lopitali.

Na hili ndilo ninalotaka ulikumbuke kuliko yote. Mkono uliosokotwa unaweza kuonekana mzima, kumbe ndani nyama imepondeka na inavimba. Uvimbe unabana mishipa, damu haipiti. Dalili zake ni hizi: maumivu yanayozidi saa kwa saa, maumivu makali mtu mwingine akinyosha vidole vyako, mkono unakaza, vidole vinakufa ganzi, vinapauka au kuwa baridi. Usiukande kwa maji ya moto. Usiuchue kwa dawa. Usiufunge bendeji ya kubana. Usingoje asubuhi. Baada ya masaa sita hivi nyama inaanza kufa, na daktari hataweza kuirudisha. Njoo usiku ule ule. Hakuna muuguzi atakayekucheka ikiwa si kitu.

Ndugu msomaji, mashini ya kufulia ni msaidizi mzuri. Inampa mama nafasi ya kupumzika, na baba pia, maana kufua si kazi ya mwanamke peke yake. Lakini ni mashini kama zile za kazini: ina moteri, ina mkanda, ina ngoma, na haina macho. Macho ni yako.

Kata ukurasa huu, ubandike ukutani karibu na mashini. Na jioni hii ukifika nyumbani, fungua mfuniko wa tangi la kukamulia uangalie: je, kuna waya?

UMEME UKIKATIKA, CHOMOA KWANZA. MKONO HAUNA DUKA LA KUUNUNUA.